Siku Tuliyofundishwa Kusafisha Vyoo

Mimi nilianza kusafisha vyoo vya watu wakati mwalimu wetu wa usalama bado anavuta kamasi, na bado siku ile alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniuliza kama najua maana ya hatari. Aliuliza kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili cha kuungaunga, halafu akatuonyesha picha ukutani. Ilikuwa picha ya Mzungu mwenye kofia ngumu ya manjano, anaanguka kutoka kwenye ngazi. Tukamtazama. Alikuwa anaanguka vizuri, mikono huku, miguu kule, shati limepigwa pasi. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Pole yake," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, akabonyeza kompyuta yake, akaendelea na picha ya pili, akidhani tumeelewa.

Mimi ni mtoto wa Majengo, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akaushangaa ulimi wangu. Kwetu mtu akikuudhi unamwambia pale pale, na kama ana haraka unamfuata ukimwambia. Niliolewa, nikaachika, nikahamia Pipeline, kule ambako majumba yamebanana hadi jirani wa jengo la pili akikatakata vitunguu, wewe ndiwe unayetokwa na machozi. Nikapata kazi kwenye kampuni ya usafi. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kalenda na kiti kinachozunguka, lakini ilikuwa imeshika kazi ya kusafisha jengo moja la ofisi upande wa viwandani, ghorofa saba, vioo vitupu kwa nje. Ukiliona kutoka barabarani utasema watu wa mle ndani hawaendi chooni.

Wanaenda. Wanaenda sana. Na vyoo vibaya kuliko vyote vilikuwa vya chini kabisa, chini ya ardhi, karibu na mahali magari yanapoegeshwa. Huko walijisaidia madereva, maaskari, watu wa kuleta vifurushi, na kila mpita njia aliyejua kumwamkia askari kwa heshima. Dirisha hakuna. Kulikuwa na feni ukutani ambayo nilipoanza kazi ilikuwa inazunguka kwa kulalamika, baadaye ikanyamaza, na hakuna aliyeuliza imepatwa na nini.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu wenye ofisi. Hawatazami kama choo kimesafishwa, wananusa. Mtu mzima mwenye tai anafungua mlango, anavuta pua, na pua isipochomwa anasema pachafu. Supavaiza wetu alilijua hilo, na ndiye aliyetufundisha dawa tuliyoiita "kali". Unamwaga klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, halafu juu yake unatia asidi ya choo, unafunga mlango, unangoja. Moshi fulani hivi unapanda, unauona ukiwa na macho mazuri, na ukiingia tena unaingia umeziba pua kwa leso. Choo kinatoka cheupe. Pua ya mwenye tai inachomeka, roho yake inatulia. Tuliokuwa tukikohoa tuliambiwa tunywe maziwa. Supavaiza alikuwa na imani kubwa sana na maziwa. Mtu akibanwa kifua alitumwa dukani kwa pakiti moja, anywe akiwa amesimama, arudi kazini. Barakoa hatukuwahi kuona. Glavu zilikuja mara moja, zote za mkono wa kulia, usiniulize zilitoka wapi.

Vyoo vya chini vilikuwa vya mwenzangu mmoja ambaye sote tulimwita Mama Kwaya. Alikuwa mama wa makamo kutoka magharibi ya nchi, mjane, jirani yangu ghorofa moja chini yangu pale Pipeline. Kanisani kwao ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mimi Mwislamu, lakini Jumapili nilikuwa nafungua dirisha nimsikilize akifanya mazoezi huku anapanga vyombo, na sioni haya kusema hivyo. Yeye aliniita Majengo, kana kwamba mtaa mzima umebebwa na mimi peke yangu. "Majengo, leo umegombana na nani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mwaka ule sauti ilianza kumkatika. Kwanza ikawa kikohozi cha asubuhi, halafu cha mchana, halafu akawa anapanda ngazi za nyumbani akishika ukuta. Kanisani akampisha mwingine aanzishe nyimbo. Nilimwambia aombe kuhamishwa vyoo vile, akaomba. Supavaiza akamwambia, "Mama, kila mtu anataka juu. Nani atabaki chini?" Akaomba tena kwa unyenyekevu zaidi, na yule bwana akamtuma akanunue maziwa.

Halafu mama aliyekuwa akisafisha ghorofa ya saba, ya wakubwa wenyewe, akarudi kwao mashambani. Ghorofa ya saba! Kule ni vumbi na vioo, zulia la kupitisha mashine, choo chenye dirisha linalofunguka na ua ndani ya chupa. Hakuna kali kule, maana wakubwa hawataki kusikia harufu yoyote isipokuwa ya kahawa. Mama Kwaya alipopata habari hizo aliniamsha kwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio. "Majengo, Mungu amenifungulia mlango," akaniambia nilipoteremka. Alikuwa ameketi kitandani, mkono kifuani, macho yanang'aa. "Nikienda juu, hiki kifua kitapona."

Wiki ile ile supavaiza akatuita. Wenye jengo, alisema, wanataka kampuni ithibitishe kwamba wafanyakazi wake wamefunzwa usalama na afya kazini, la sivyo kazi itapewa kampuni nyingine. Kwa hiyo Jumamosi kutakuwa na mafunzo, katika ukumbi wa kanisa moja kule mtaa wa Lucky Summer, kila mtu aje na vifaa vyake vya kazi. Halafu, akiona nyuso zetu zimekunjana kwa sababu ya Jumamosi kuliwa, akatupa mfupa. "Atakayefanya vizuri huko," akasema, "namfikiria kwa ghorofa ya saba."

Ala! Mtu wa kawaida akisikia mafunzo anajua anaenda kufundishwa. Sisi tulisikia mtihani. Kwani maisha yetu yamekuwa na kitu gani kingine? Mtu akikuita kwenye ukumbi, akakaa mbele yako na kalamu, anakupima akuchague au akuache. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitwa mahali na watu wenye tai ili asaidiwe. Kwa hiyo kina mama walianza kujiandaa. Mmoja alifua ovaroli yake mara mbili. Mwingine alinunua brashi mpya kwa pesa zake mwenyewe, akaificha tusimwige. Na Mama Kwaya alijaza klorini kwenye chupa moja ya soda na asidi kwenye nyingine, akazifunga kwa nailoni zisimwagike, akazitia kikapuni kama mtu anayepeleka chakula cha mgonjwa hospitalini.

Ukumbi ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mdogo, mlango mmoja, madirisha yamepigiliwa misumari kwa sababu ya wezi, na chini zulia jekundu jipya kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Mama mmoja wa kanisa lile aliyetufungulia alitusihi tuvue viatu. Alisema kina mama wa kanisa walichanga wakalinunua baada ya kuuza maandazi na chai kila Jumapili. Tukavua. Mwalimu hakuvua. Viatu vyake vilikuwa virefu mbele, vimechongoka, na nadhani aliona haya ya soksi.

Alikuwa kijana msafi, suruali imembana mapaja, kikadi kinaning'inia shingoni. Nusu ya asubuhi ilikwenda kutafuta waya wa kuunganisha kompyuta. Nusu nyingine alitufundisha kuinua mzigo. Alileta sanduku la katoni, tupu, akachuchumaa, akanyoosha mgongo, akainuka nalo polepole akihema, na akatutaka tumpigie makofi. Kulikuwa na mama pale ambaye amebeba maji mgongoni tangu akiwa msichana, tena mtoto tumboni na mwingine amemshika sketi. Alimpigia makofi kwa heshima zote. Halafu akaja Mzungu wa ngazi. Halafu Mzungu wa pili, aliyekanyaga ganda la ndizi. Nikawaza, hawa watu wa Ulaya, ama macho yao hayaoni ama wanalipwa waanguke.

Kisha tukapigwa picha. Tuligawiwa kofia ngumu, glavu mpya na barakoa nzuri nene, zile zenye kijungu cha kupumulia mbele. Tukapanga mstari. Mwalimu akasema, "Sefti!" yaani usalama, nasi tukaitikia, "Kwanza!" Mama Kwaya alikuwa kando yangu, na nilisikia akivuta pumzi ndani ya ile barakoa, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kipya. "Majengo," akaninong'oneza, "hii kitu ni tamu." Picha ikapigwa. Supavaiza akapita na gunia akikusanya vyote. Alihesabu barakoa mara mbili, mshenzi yule, kana kwamba sisi ndio tumezoea kumwibia.

Ilikuwa bado kidogo chai ije. Mwalimu akaona kuna muda wa kujaza, akasugua viganja, akasema, "Sasa kina mama, nani atatuonyesha vile mnafanya kazi yenu kila siku? Usiogope. Fanya tu kama kawaida." Supavaiza aliyekuwa amekaa mbele akageuka akatutazama, na kila mmoja wetu aliliona jicho lile na kulisoma. Ghorofa ya saba ilikuwa imewekwa mezani.

Mama Kwaya alisimama kabla mwenye brashi mpya hajamaliza kufungua mkoba. Alikwenda mbele, akaomba ndoo, akaiweka chini karibu na madhabahu. Akaanza kueleza kwa sauti ya kanisani, ile ya kusikika mpaka viti vya nyuma, ingawa ilikuwa inakwaruza. "Ndoo hii tuchukue ndio choo. Kwanza namwagilia hii." Akamimina klorini. Na kwa vile siku ile hakuwa anasafisha choo, alikuwa anaomba kifua chake, hakupima. Alimimina yote. "Halafu natia hii, ndiyo inayokata uchafu." Akamimina asidi, nayo yote.

Mwalimu hakumzuia. Alikuwa ameinua simu juu anapiga video.

Ndoo ikalia. Sijui niseme vipi, ilitoa sauti ya mafuta yanapotiwa maji, na povu likapanda, na ule moshi ambao chini kule tulizoea kuuona kidogo kidogo ukainuka mzito, una rangi ya kijani kibovu. Mama mmoja akapiga kelele. Macho yakaanza kuwasha, koo likajifunga. Wa kwanza kufika mlangoni, na Mungu ni shahidi yangu, alikuwa mwalimu wa usalama. Aliruka benchi. Aliruka benchi lenye watu! Kompyuta kwapani, vile viatu vilivyochongoka vikapita juu ya kichwa cha mama mzima, na akawa nje huku bado simu inapiga video. Wa pili alikuwa supavaiza. Waliobaki tukasukumana katika ule mlango mmoja kama mahindi katika shingo ya chupa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kwa hiyo nilijikuta nje, miguu mitupu juu ya kokoto, nakohoa hadi natapika. Nikageuka kumtafuta. Hakuwa amekimbia. Alikuwa ameinua ile ndoo kwa mikono miwili, povu linafika ukingoni, naye anatembea nayo. Anatembea! Polepole, hatua kwa hatua juu ya lile zulia jekundu, uso umeinama juu ya moshi, ili tone lisianguke. Nikampigia kelele, "Itupe! We mwanamke, itupe!" Hakuitupa. Nilifunga mtandio usoni nikarudi ndani, nikashika mpini upande mmoja, tukaifikisha nje, nikaimwaga kwenye mtaro. Aliketi chini pale pale. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alitaka kusema kitu, nikamkataza, akasema hivyo hivyo kwa pumzi za kuokoteza. "Zulia la watu, Majengo. Kina mama walichanga."

Na kanisa lenyewe wala halikuwa lake.

Hapo ndipo yule mwenye kikadi shingoni akaja mbio kutoka alikokuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Maziwa! Mleteeni maziwa!" Wallahi nilicheka. Machozi yananitoka, kifua kinaniwaka, mwenzangu anakoroma chini, nami nikacheka kama mwehu. Amesoma, ana kadi, ana kompyuta, na dawa yake ni ile ile ya supavaiza. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana wapo watakaosoma ambao wana adabu. Supavaiza akanionya kwamba anayeondoka kabla ya mwisho hatapata cheti. Nikamweleza mahali pa kukiweka hicho cheti. Nikasimamisha pikipiki, tukampakia Mama Kwaya katikati, mimi nyuma nimemshikilia, tukaenda zahanati.

Waliobaki walinisimulia baadaye kwamba chai ililetwa, wakanywa chini ya mti wa jirani, na mwalimu akamalizia somo pale nje. Na katika picha zake zilizobaki, picha ya kwanza kabisa baada ya chai ilikuwa ya chupa mbili zilizopigwa mstari mwekundu katikati. Usichanganye. Ndiyo, ilikuwepo. Ilikuwa imepangwa ya baada ya chai. Akawaeleza kwa kirefu jinsi hewa ile inavyochoma mapafu, na wote wakatikisa vichwa huku wakipangusa macho.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mkali, mtu wa aina yangu. Alimfunga Mama Kwaya kibomba cha hewa puani, akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu, halafu akanivuta kando. "Huyu hakuchomeka leo tu," akasema. "Amekuwa akichomeka. Kifua hiki kikionja dawa hizo tena, usimlete kwangu, mpeleke hospitali kubwa." Nilimweleza mwenzangu nusu ya maneno hayo. Nusu nyingine aliisoma usoni mwangu. Halafu akasema, "Basi nimeikosa ghorofa ya saba." Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Lakini mambo yaligeuka. Wazee wa kanisa walilalamika kwa kampuni, na habari ikafika kwa wenye jengo, nao wakasema watatuma mtu kuuliza kilichotokea. Kabla hajaja huyo mtu, supavaiza alipanda ngazi zote za jengo letu la Pipeline, akinukia marashi mpaka watoto wa ngazini wakamfuata. Alibeba mkate na maziwa, bila shaka maziwa. Mimi nilikuwa pale nampikia Mama Kwaya uji. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akampa pole nyingi, halafu akatema alichojia.

"Mama, utaulizwa swali moja tu. Kama uliambiwa usichanganye. Ukisema uliambiwa, yamekwisha. Na ghorofa ya saba ni yako, naapa."

"Aliambiwa na nani?" nikamrukia. "Aliambiwa lini? Wewe ndiye uliyemfundisha kuchanganya! Mwalimu wako alikuwa bado anaonyesha Wazungu wanaanguka!"

"Dada, mimi naongea na mwenyewe."

"Na mimi naongea na wewe, we kinyago!"

Mama Kwaya akainua mkono, tukanyamaza wote wawili. Alikuwa akimtazama yule bwana kwa makini, kama anayenunua samaki. "Kule juu," akauliza, "hakuna asidi kweli?"

"Hakuna, mama. Vumbi na vioo."

"Basi nitasema."

Aliyetumwa na wenye jengo alikuwa mwanamke, mpole, viatu vya visigino, kitambulisho kimebandikwa kifuani. Tulikusanywa kwenye stoo ya chini, kati ya mifagio. Akauliza kwa upole kabisa kama wafanyakazi walikuwa wameonywa wasichanganye dawa kabla ya ajali. Nilifungua mdomo. Mama Kwaya alikuwa amesimama kando yangu, akanishika kifundo cha mkono akakikaza, na sikujua kwamba katika mwili ule bado kuna nguvu kama hizo.

"Tulionywa, madam," akasema. "Ni kichwa changu kigumu. Mtanisamehe."

Yule mgeni akamshukuru kwa ukweli wake. Akasema wafanyakazi wakweli ni wachache siku hizi. Supavaiza akatazama viatu vyake, na wenzetu wakatazama mifagio, nami nikaangalia kupitia mlangoni ile feni iliyokufa ya vyooni, nikameza matusi yangu moja moja. Sijawahi kumeza kitu kichungu kama siku ile, na nilimeza kwa sababu alikuwa anakaza mkono wangu.

Ahadi ilitimizwa. Hilo naomba niliseme, nisije nikaambiwa nachafua watu. Jumatatu ile Mama Kwaya alikabidhiwa vitambaa, chupa ya maji ya kupangusia vioo, na mashine ya zulia iliyokaa kule kule juu. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Tulikwenda pamoja, maana mimi nilikuwa na ghorofa ya tano na ya sita, na alitembea kama bibi harusi mpaka pale kwenye lifti, ambapo askari akatuonyesha kwa kidole upande wa ngazi.

Mimi nilikuwa nimezoea. Wafanya usafi hawapandi lifti ya jengo lile. Sababu tuliyopewa ni kwamba tunanuka dawa. Yeye miaka yote alikuwa anateremka, hakuwahi kuwa na shida ya kupanda, na katika furaha yake yote hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Wala mimi. Siku ya kwanza alifika saba akiwa amelowa jasho, akaketi juu ya ngazi ya mwisho muda mrefu kabla ya kuweza kushika kitambaa. Na kupanda hakukuwa mara moja. Takataka huteremshwa, unapanda. Maji ya vioo huchotwa chini, unapanda. Mkubwa akitaka maziwa ya chai yake, unatumwa, unateremka, unapanda. Kifua chake hakikuonja asidi tena, kweli kabisa. Kilikuwa kinalia kwa ngazi. Nilimwona akikaa kwenye kila kituo, mgongo ukutani, mdomo wazi, na mtu akitokea anaruka wima na kujifanya anapangusa reli.

Nikamwendea supavaiza. Akasema lifti si yake. Nikamwendea askari, akasema amri si yake. Kila mtu katika jengo lile hana kitu kilicho chake inapofika zamu ya kukupa.

Asubuhi moja nilichoka. Alikuwa amekohoa tangu kituo cha basi. Tulipofika, mlango wa lifti ulikuwa wazi, na ndani amesimama mmoja wa wakubwa wa saba, mzee wa mvi, tai nzuri, kikombe mkononi. Nilimkamata Mama Kwaya mkono nikamvuta ndani. Askari akaanza, "Mama, nyinyi—" nikamwambia, "Wee, nyamaza kabisa," na mlango ukajifunga.

Yule mzee hakuwa mbaya. Ningependa sana awe mbaya. Alituitikia salamu, akasogea tupate nafasi, akamtazama Mama Kwaya aliyekuwa amejibana kwenye kona, leso mdomoni, anazuia kikohozi mabega yanamtetemeka.

"Ngazi zina tatizo?" akaniuliza.

"Ngazi hazina tatizo, mzee. Kifua chake ndicho kina tatizo. Kupanda kunamuua."

"Oh! Pole sana, mama," akasema, na alisema kwa moyo, niliona. "Hapana, mtu mgonjwa asipandishwe huku. Leo leo nitazungumza na wakubwa wenu, wamtafutie kazi ya kule chini."

Lifti ilikuwa inafika ghorofa ya pili, mtu alikuwa ameiita. Mlango ukafunguka. Mama Kwaya akatoa leso mdomoni, akanyoosha mgongo, akatabasamu.

"Mimi ni mzima, bosi," akasema. "Nilikuwa namsindikiza tu huyu. Anaogopa lifti."

Akatoka. Kabla sijamkamata mlango ulikuwa umejifunga, nami nikapandishwa juu pamoja na yule mzee na kikombe chake. Nilishuka naye saba. Nilikwenda nikasimama penye ngazi, na nikamsikia anakuja. Anapanda kidogo, anasimama, anakohoa ndani ya leso ili asisikike, anapanda tena. Nilitaka kuteremka nimbebe, lakini yule mzee alikuwa bado hapo nyuma yangu, mlangoni pa ofisi yake, anaongea na simu huku anapapasa mifuko akitafuta ufunguo, na niliogopa angegeuka akatuona.

Alipotokea aliona mgongo wa yule mzee, na koti lake. Akafunga mdomo. Akatembea korido ile yote bila kuvuta pumzi, akachukua kitambaa chake juu ya mashine, akainamisha kichwa kumsalimu, na mzee akamwambia, "Kazi njema, mama." Mlango ulipofungwa ndipo akashuka chini taratibu, akaketi juu ya zulia, mkono kifuani. Ilichukua muda kabla ya sauti kutoka.

"Amenisikia nikikohoa?"

Nikamwambia hapana.